Jua, Makunyanzi na Dawa ya Usiku

Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Ndivyo walivyonena wahenga, na hakuna aliyethubutu kuwapinga. Hata hivyo, tangu zamani wanadamu hawakukoma kuukimbilia moshi huo, wengine kwa liwa na manjano, wengine kwa mafuta ya nazi, na katika zama hizi kwa vikopo na tyubu zipangwazo madukani kwa mamia. Vingi kati ya vitu hivyo ni kazi bure. Lakini imo dawa moja ambayo waganga wa ngozi wameipima kwa miaka mingi na kuikubali. Habari za dawa hiyo, pamoja na yale yaliyompata mama mmoja wa Kalemie alipoitumia, zafaa kufahamika na kila mwenye nyumba.

Mama huyo alikuwa amefikia umri wa miaka 56. Tangu alipoolewa, kazi yake ilikuwa kununua ndakala wabichi kwa wavuvi wa Ziwa Tanganyika, kuwaanika mchangani, kisha kuwauza kwa wachuuzi waendao bara. Hao ndakala ndio waitwao dagaa upande wa pili wa ziwa, huko Kigoma. Kazi ya kuanika haina kivuli. Jua huchoma kutoka juu, na mchanga pamoja na maji huurudisha mwangaza usoni kutoka chini. Miaka 30 ya kazi hiyo ilimsomeshea watoto watano. Pia ilimwachia mabaka meusi mashavuni, ngozi iliyokauka kipajini, na makunyanzi membamba pembeni mwa macho.

Hakuwa mtu wa kujipamba kupita kiasi. Lakini siku moja kanisani, mwanamke aliyesoma naye darasa moja alimwamkia kwa heshima aipewayo bibi kizee. Alipojitambulisha, mwenzake aliona haya na kuomba radhi. Mama alicheka na kumsamehe, ila jioni ile alikaa mbele ya kioo muda mrefu kuliko desturi yake.

Binti yake mkubwa alikuwa amehamia Marekani, katika mji wa Philadelphia, akifanya kazi ya kuwatunza wazee. Yeye mwenyewe alikuwa na chunusi zilizomwachia madoa, na daktari wa ngozi alimwandikia dawa iitwayo tretinoini. Mama yake alipomsimulia kwa simu kisa cha kanisani, binti alimhurumia, na mnamo Machi 2022 alimtumia tyubu moja kwa mkono wa msafiri. Alimwambia, "Mama, usianze kuipaka kabla daktari hajakuona. Dawa hii niliandikiwa mimi, hukuandikiwa wewe." Neno hilo lilikuwa la hekima, na mama alilitii. Alikwenda hospitali na tyubu yake mkobani.

Daktari aliitazama ngozi ile kwa makini, kisha akamweleza mambo ambayo hakuwahi kuyasikia. Uzee wa ngozi, alisema, ni wa namna mbili. Upo ule uletwao na miaka, ambao hauepukiki, na upo ule uletwao na jua. Anayetaka kuona tofauti na alinganishe ngozi ya shavu lake na ngozi ya sehemu ya mwili ambayo daima hufunikwa na nguo. Umri wa sehemu zote mbili ni mmoja, lakini sura zake si sawa.

Ushahidi wa jambo hilo ulitolewa hadharani mwaka 2012, pale jarida moja kubwa la madaktari nchini Marekani lilipochapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyekuwa ameendesha lori kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa ukielekea dirishani, ulikuwa na mikunjo mizito na ngozi nene, kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyemzidi umri sana. Upande wa kulia ulikuwa na nafuu kubwa. Kioo cha dirisha huzuia sehemu ya mionzi ya jua ile iunguzayo upesi, lakini huiachia ipite mionzi mingine ya urujuanimno ipenyayo ndani zaidi.

Mionzi hiyo ikifika ndani ya ngozi, huamsha vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, yaani zile nyuzi ngumu zinazoshikilia ngozi isilegee, mfano wa fito zinavyoshikilia udongo wa ukuta. Mwili hujaribu kuzitengeneza upya, lakini matengenezo hayo hayawi kamili. Kosa dogo la kila siku, likirudiwa kwa miaka 30, huwa kunyanzi. Mtu mweusi amejaliwa kinga ya melanini, na kwa sababu hiyo makunyanzi humchelewa. Lakini kinga si ngao ya chuma. Kwake yeye jua hujionyesha zaidi kwa mabaka na kwa rangi isiyolingana. Wenye ualbino, wasio na kinga hiyo, huumizwa na jua tangu utotoni, na kwao jambo hili si la urembo bali ni la uhai, kwa kuwa saratani ya ngozi huwaandama.

Na hiyo tretinoini ni kitu gani? Asili yake ni vitamini A, ile iliyotambuliwa na wataalamu wa Marekani mwaka 1913, na ambayo mwili huipata katika maini, na pia huitengeneza kutokana na mboga za majani, karoti na mafuta mekundu ya mawese. Tretinoini ni asidi itokanayo na vitamini hiyo. Ikipakwa, huingia ndani ya chembe za ngozi hadi kwenye kiini chake, na huko hubadili amri zinazoiongoza chembe. Ngozi ya juu hujivua upesi zaidi na kuota upya, rangi iliyorundikana hutawanyika, na ndani kabisa kolajeni mpya huanza kufumwa. Katika jamaa yake, iitwayo retinoidi, imo pia retinoli iuzwayo katika vipodozi vya kawaida. Hiyo ni dhaifu zaidi, kwa kuwa hapana budi ngozi yenyewe iigeuze kuwa asidi kabla haijafanya kazi.

Dawa hii haikutafutwa kwa ajili ya makunyanzi. Katika miaka ya 1960, Daktari Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, aliijaribu pamoja na wenzake kutibu chunusi, na mwaka 1971 serikali ya Marekani iliiruhusu kwa kazi hiyo. Baadaye wanawake watu wazima waliokuwa wakitibiwa chunusi walianza kumwambia kwamba nyuso zao zimelainika na mikunjo imepungua. Kligman na wenzake waliandika juu ya jambo hilo mwaka 1986. Mwaka 1988 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan walitangaza jaribio la watu 30 kwa wiki 16, ambamo mkono mmoja wa kila mtu ulipakwa dawa na wa pili krimu tupu, pasipo mgonjwa wala daktari kujua ipi ni ipi. Palipopakwa dawa palionyesha nafuu. Lakini pia zaidi ya watu tisa katika kila kumi walipata wekundu, muwasho na kubanduka kwa ngozi. Watu hawakuisikiliza sehemu hiyo ya pili. Waliyakimbilia maduka ya dawa kwa wingi. Ilikuwa hadi mwaka 1995 ndipo tretinoini iliporuhusiwa rasmi kwa ngozi iliyoharibiwa na jua.

Je, majaribio hayo yaliwahusu watu weusi? Mwaka 1993 wataalamu wa Michigan walichapisha uchunguzi wa wagonjwa weusi 54 wenye madoa yaliyoachwa na chunusi na magonjwa mengine ya ngozi. Baada ya wiki 40, madoa ya waliopaka tretinoini yalikuwa yamefifia kuliko ya wenzao waliopaka krimu tupu. Yafaa msomaji aitazame hesabu hiyo kwa makini. Wiki 40 ni muda wa kubeba mimba mpaka kuzaa. Hakuna aliyelala na doa akaamka bila doa.

Daktari wa Kalemie alimpa mama masharti machache. Apake usiku tu, kwa kuwa mwanga huiharibu dawa. Anawe uso kwa sabuni laini, asubiri ukauke kabisa kwa muda wa nusu saa, kisha achukue kiasi cha punje ya njegere, kiasi hicho kitoshe uso mzima. Asifikie macho, matundu ya pua wala pembe za mdomo. Aanze kwa siku mbili katika wiki. Apake mafuta ya kulainisha ngozi juu yake. Mchana avae kofia pana na kupaka mafuta ya kukinga jua. Mwisho akamwambia, "Mama, asiitumie mwanamke mwenye mimba."

Masharti yalikuwa mepesi kuyasikia na magumu kuyashika. Mama, aliyezoea kwamba kazi ikizidishwa faida huongezeka, alipaka kila usiku, tena si punje bali kidole kizima. Siku ya kumi uso ulimwaka kama uliopakwa pilipili. Ngozi ilibanduka kama maganda ya kitunguu, na wauza samaki wenzake walimwuliza kama ameanza kujichubua kwa mkorogo. Aliona fedheha kubwa. Alirudi kwa daktari akitaka kuitupa tyubu, naye daktari hakumgombeza, bali alimwambia aache kwa wiki mbili, kisha aanze tena kama alivyoagizwa mwanzo. Safari hii alitii.

Neno la mkorogo halikutoka hewani. Jirani yake alikuwa akipaka krimu za kujichubua kwa miaka kadhaa, na uso wake ulikuwa umeingia weusi wa kibuluu mashavuni, na mishipa midogo ikionekana. Krimu za namna hiyo aghalabu huwa na haidrokwinoni, au steroidi kali, na nyingine zebaki. Mwaka 1975 Kligman huyo huyo na mwenzake walitangaza mchanganyiko wa haidrokwinoni, steroidi na tretinoini wa kuondoa madoa. Mchanganyiko wa aina hiyo ukiandikwa na daktari kwa doa maalumu na kwa muda mfupi, huwa ni tiba. Ukinunuliwa sokoni na kupakwa mwili mzima kwa miaka, hula ngozi. Jirani alipoomba apewe tretinoini aichanganye na krimu zake, mama alikataa. Walinuniana kwa muda wa mwezi mmoja.

Kosa lake kubwa lilikuja kwa njia ya upendo. Mwezi wa Julai, mke wa mwanawe, msichana wa miaka 23 aliyeishi nyumbani mwake, alimjia kwa adabu akisema, "Mama mkwe, nami nimeanza kuota mabaka mashavuni. Naomba unisaidie hiyo dawa yako kidogo." Mama alimpenda mkaza mwana huyo kama mtoto wa kumzaa. Alimfungulia kasha na kumwonyesha namna ya kupaka, tena kwa kipimo sahihi, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuadhibiwa. Asubuhi ya siku ya nne alimkuta uani akitapika. Hakuhitaji kuuliza mara mbili. Mimba ilikuwa changa, na kwa mila za kwao haikuwa imetangazwa hata kwa mama mkwe. Mabaka yenyewe, kama ilivyojulikana baadaye, yaliletwa na mimba.

Mama aliketi chini pale pale uani. Maneno ya daktari yalimrudia yote, herufi kwa herufi. Siku ile hakwenda ziwani. Alimshika mkaza mwana mkono na kumpeleka hospitali.

Daktari hakuficha ukweli wala hakuuzidisha. Aliwaeleza kwamba vidonge vya jamaa hiyo ya dawa, vinywewavyo kwa chunusi kali, vimethibitika kuharibu viungo vya mtoto tumboni. Dawa ipakwayo usoni huingia katika damu kwa kiasi kidogo mno, na uchunguzi uliofanywa kwa wanawake walioipaka kabla ya kujua kwamba wana mimba haukuonyesha wazi kwamba watoto wao waliumia zaidi ya wengine. Lakini kwa kuwa hakuna aliyepata uhakika kamili, na kwa kuwa hakuna mama afaye kwa kukosa kuondoa doa, dawa hukatazwa. Siku tatu zilikuwa chache. Aache, na asiwe na hofu. Msichana alitulia. Mama mkwe hakutulia. Kwa miezi iliyobaki alihesabu siku kuliko yule aliyebeba mimba.

Ilikuwa katika miezi hiyo, mnamo Oktoba 2022, ndipo binti yake wa Philadelphia alipomsimulia habari nyingine ya dawa ile. Serikali ya mji huo ilikuwa imeomba radhi hadharani kwa mambo yaliyotendeka katika gereza la Holmesburg. Tangu mwaka 1951 hadi 1974, Daktari Kligman alifanya majaribio juu ya wafungwa wa gereza hilo, wengi wao wakiwa watu weusi. Vipodozi, dawa na hata sumu kali kama dioksini vilipakwa migongoni mwao, na dawa hii ya vitamini A ilikuwa miongoni mwa vilivyojaribiwa kwao. Walilipwa dola chache, wakati kila senti gerezani ilikuwa na thamani, na hawakuelezwa ipasavyo wanapakwa nini. Mwaka 1998 mwandishi Allen Hornblum alitoa kitabu juu ya mambo hayo. Mwaka 2000 karibu wafungwa 300 wa zamani walifungua mashtaka, lakini kesi yao ilitupwa kwa sababu muda wa kisheria ulikuwa umepita. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliomba radhi mwaka 2021. Kligman mwenyewe alifariki mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka 93, pasipo kukiri kwamba alikosea. Binti alisema kwamba mfanyakazi mwenzake alikuwa na mjomba aliyekaa gerezani humo, na kwamba mzee huyo hakupata kuvua shati mbele za watu mpaka alipokufa.

Mama alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na hao watu, waliombwa ruhusa wakijua?"

"Walitia sahihi karatasi, Mama. Lakini hawakujua."

Neno hilo lilimchoma kwa sababu alilifahamu. Hata yeye, ndani ya nyumba yake mwenyewe, alikuwa amempa dawa mtu aliyemwamini bila kumwuliza lipasalo kuulizwa. Yeye alikosea kwa upendo na kwa siku tatu, na wale walikosewa kwa faida na kwa zaidi ya miaka 20. Makosa hayo hayalingani. Lakini yanatoka katika mlango mmoja, nao ni kuitazama ngozi na kumsahau mwenye ngozi.

Usiku ule hakuipaka. Alifikiri kuitupa, akaona kwamba kuitupa hakutamrudishia mtu yeyote mgongo wake. Kesho yake alimwomba mjukuu aliyekuwa shule ya sekondari aandike kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, masharti yote ya daktari pamoja na lile la mimba, na karatasi hiyo akaibandika ndani ya kifuniko cha kasha. Tangu hapo kila aliyekuja kuomba, na waliomba wengi, alisomewa karatasi kwanza, kisha akaelekezwa hospitali. Hakumgawia mtu tena.

Kufikia Januari 2023 mabaka ya mashavuni yalikuwa yamefifia hata hayakuonekana mpaka mtu asogee karibu, na ngozi ya kipaji ilikuwa laini. Makunyanzi membamba yalipungua. Mistari miwili mirefu kutoka puani hadi mdomoni ilibaki kama ilivyokuwa, na daktari alimwambia itabaki. Kilichosaidia pamoja na dawa ni kofia ya ukindu aliyoinunua, na mazoea mapya ya kuanika ndakala alfajiri na kuketi chini ya turubai jua linapopanda. Kwa hakika, mwenye kupaka dawa usiku na kuliacha jua limpige mchana ni sawa na achotaye maji kwa pakacha.

Mwezi wa Machi mkaza mwana alijifungua mtoto wa kike. Mama mkwe alimpokea, akamfungua nguo, akahesabu vidole vya mikono na miguu, akamtazama masikio, akampapasa kichwa. Mtoto alikuwa mzima. Ndipo alipolia, na waliokuwapo walidhani ni furaha ya bibi tu.

Kasha lipo hata leo, na karatasi imo ndani ya kifuniko. Mama huyo bado hupaka punje yake, usiku mbili au tatu katika wiki, kwa kuwa faida ya dawa hii hupungua kidogo kidogo ikiachwa. Wamwonao humwambia kwamba amerudi ujana. Yeye huwajibu kwamba hakurudi popote, ila ameacha kuunguzwa.